Mfalme Sverre wa Norwei na dai lisilothibitika

Juni 1184, kabla mwili wa Mfalme Magnus Erlingsson haujafunikwa kaburini Bergen, mtu aliyemshinda aliamuru watu waje wautazame. Sverre Sigurdsson alitaka wote waliomjua Magnus waione sura yake kwa macho yao, ili baadaye asipatikane wa kudai kwamba mfalme yule yu hai na yuko mahali anakusanya jeshi. Watu walikuja kwa wingi. Wengi walilia, wengine wakambusu maiti.

Tahadhari ile ilikuwa ya mtu aliyeijua vyema nchi anayoitawala. Sverre mwenyewe alipata ufalme kwa kusema jambo ambalo hakuna aliyeweza kulihakikisha wala kulikanusha: kwamba baba yake ni Mfalme Sigurd Munn, aliyeuawa Bergen mwaka 1155. Alitawala kuanzia 1177 hadi 1202, akashinda mapigano makubwa ya nchi kavu na ya baharini, na bado utawala wake ulikwisha kama ulivyoanza, akiwa vitani. Naamini chanzo kikuu cha vita hivyo visivyokoma hakikuwa udhaifu wake wala nguvu za maadui zake. Hoja iliyompa kiti ingeweza kutumiwa na kila mtu mwingine, na hakuwa na namna ya kuibatilisha bila kujibatilisha mwenyewe.

Mila ya Norwei ya wakati ule ilimpa kila mwana wa mfalme haki sawa ya kutawala. Haikujali kama mama yake ni malkia au mjakazi aliyelala na mfalme usiku mmoja. Ndugu wawili au watatu wangeweza kutawala pamoja, ilimradi kila mmoja akubaliwe na baraza la watu huru. Baraza lenye heshima kuliko yote lilikutana Øyra, karibu na mji wa Nidaros, ambao leo ni Trondheim. Mila hiyo ilifanya kazi pale ndugu walipoelewana. Ilipasuka mwaka 1130, alipofariki Mfalme Sigurd, yule aliyewahi kwenda Yerusalemu na jeshi lake.

Miaka kadhaa kabla ya kifo hicho alikuwa amekuja kutoka magharibi ya bahari kijana aitwaye Harald Gille, mzungumzaji wa Kigaeli, akisema ni mwana wa Mfalme Magnus Berrføtt, baba wa Sigurd. Alikanyaga majembe ya chuma yaliyopashwa moto, miguu ikakaguliwa, akaonekana mkweli, kwa kuwa iliaminika kwamba asemaye kweli haungui. Alikuwa ameapa kwamba hatadai ufalme Sigurd na mwanawe Magnus wakiwa hai. Sigurd alipokufa, kiapo kikasahauliwa mara moja. Harald na Magnus walitawala pamoja kwa muda, kisha wakapigana. Mwaka 1135 Harald alimteka Magnus, akaamuru atobolewe macho, ahasiwe na akatwe mguu, kisha akamtupa kwenye nyumba ya watawa. Mwaka uliofuata Harald naye aliuawa usiku na Sigurd Slembe, mtu mwingine aliyesema kuwa ni mwana wa Magnus Berrføtt. Kuanzia hapo nchi ilijua jambo moja la hatari: ubaba wa mfalme ni madai ambayo mgeni anaweza kutua nayo kutoka merikebuni, na yakikubalika yanatikisa ufalme mzima.

Wana na mjukuu wa Harald waliuana wao kwa wao hadi 1161, na hapo akaingia Erling Skakke. Erling hakuwa mwana wa mfalme. Lakini mkewe Kristin alikuwa binti halali wa yule Sigurd wa Yerusalemu, na mwana wao Magnus alikuwa na umri wa miaka 5 tu. Kwa mila ya zamani mtoto huyo hakuwa na haki yoyote, kwa kuwa damu ya kifalme ilimfikia kupitia mama. Erling alihitaji msingi mwingine wa uhalali, akaupata kwa Askofu Mkuu Øystein Erlendsson wa Nidaros. Magnus alivishwa taji Bergen mnamo 1163 au 1164, mbele ya mjumbe wa Papa, naye akawa mfalme wa kwanza kutawazwa na Kanisa katika Skandinavia nzima. Sheria mpya ya urithi ikatungwa: mfalme awe mmoja, na awe mwana mkubwa aliyezaliwa ndani ya ndoa, isipokuwa kama ni mwovu au hana akili. Maaskofu walipewa sauti kubwa katika uteuzi.

Kama sheria, ilikuwa nzuri kuliko mila iliyoitangulia. Udhaifu wake ulikuwa kwa mwenyewe aliyeipigania. Erling aliwasaka wana na wajukuu wa wafalme mmoja mmoja, na kila aliyeuawa aliacha nyuma wafuasi wasio na bwana wala mali. Kundi moja la watu hao lilijificha misituni hadi nguo zikawachakaa, wakawa wanajifunga magome ya miti miguuni badala ya viatu na soksi. Watu wakawaita Birkebeiner, kwa dharau. Kiongozi wao, Øystein Møyla, aliuawa Januari 1177 katika mapigano ya Re. Waliosalia walikimbilia upande wa Uswidi, wakitafuta mtu yeyote mwenye damu ya kifalme.

Ndipo wakakutana na Sverre.

Alikuwa padri kutoka visiwa vya Faroe. Alilelewa huko Kirkjubøur na Askofu Roe, na watu walimjua kama mwana wa Unas, fundi wa kutengeneza vitana. Kwa maelezo ya saga yake, yaani simulizi iliyoandikwa ya maisha yake, mama yake Gunnhild alikwenda kuhiji Roma, akaungama kwamba baba halisi wa mtoto ni Mfalme Sigurd, naye akaamriwa amwambie mwanawe ukweli. Sverre alivuka bahari kuja Norwei mwaka 1176.

Hapa inafaa kusimama kidogo, maana ushahidi wenyewe unajikwaa. Sheria ya Kanisa ilitaka mtu awe na miaka 30 ndipo apewe daraja la upadri. Kama Sverre alikuwa padri kamili kabla ya kuondoka Faroe, na kama kanuni hiyo ilifuatwa, basi alizaliwa si baada ya 1146. Sigurd Munn alizaliwa mwaka 1133. Baba wa miaka 12 au 13 si jambo rahisi kulikubali. Wanaomtetea Sverre hujibu kwamba kisiwani mbali kule askofu aliyekuwa jamaa na mlezi wake angeweza kulegeza kanuni, na hesabu ya saga yenyewe inamweka kuzaliwa mnamo 1151. Hilo linawezekana. Lakini tunapaswa kukumbuka ni nani aliyeisimulia hadithi hii. Saga ilianza kuandikwa mnamo 1185 na Karl Jónsson, abati kutoka Iceland, na utangulizi wake unasema wazi kwamba Mfalme Sverre mwenyewe aliketi karibu yake akiamua nini kiandikwe. Simulizi ya kuungama Roma, kwa hiyo, imetoka kinywani mwa mdai.

Mimi siamini kwamba alikuwa mwana wa Sigurd. Naamini, hata hivyo, kwamba yeye mwenyewe alisadiki. Mtu asiyesadiki asingeongoza kundi la watu kama 70 wenye njaa kuvuka misitu na milima wakati wa baridi, akila magome na utomvu wa miti pamoja nao. Mwezi Juni 1177 baraza la Øyra lilimpa jina la mfalme.

Miaka miwili baadaye alishuka Nidaros. Alfajiri ya tarehe 19 Juni 1179, mahali paitwapo Kalvskinnet, Erling Skakke aliuawa na mwanawe akakimbia. Øystein, askofu mkuu, alikuwa amewaahidi wapiganaji wa Magnus kwamba atakayekufa akimtetea mfalme huyo roho yake itaingia peponi kabla damu yake haijapoa. Sverre aliyasimamia maziko ya Erling na kutoa hotuba kaburini. Alisema kwa ukali wa kuchoma kwamba, kama ahadi ya askofu ni ya kweli, basi watu washangilie wingi wa watakatifu waliopatikana siku ile. Akaongeza kwamba nyakati zimegeuka kwa ajabu: mtu mmoja sasa amesimama mahali pa watatu, mahali pa mfalme, pa jarl (mkuu anayemfuata mfalme kwa cheo) na pa askofu mkuu, na mtu huyo ni yeye. Mshindi mwenye busara zaidi asingesema maneno hayo mbele ya watu. Ukweli wake, hata hivyo, ulionekana mapema: askofu mkuu alikimbilia Uingereza mwaka 1180.

Kati ya mapigano kulikuwa na mazungumzo, na mazungumzo ndiyo yanayofichua kiini cha ugomvi kuliko mapanga. Sverre alimtolea Magnus wagawane ufalme. Kwa mila ya zamani hilo lilikuwa pendekezo la kawaida kabisa, na lilimfaa mtu ambaye haki yake ni ya ubaba tu. Magnus alikataa. Yeye alikuwa ametiwa mafuta na kuvishwa taji mbele ya mjumbe wa Papa, akaapa kuilinda nchi. Angeugawaje ufalme alioapia? Kila mmoja alisimama kwenye msingi ambao mwenzake hakuutambua. Kwa Sverre, Magnus si mwana wa mfalme, hivyo hawezi kuwa mfalme. Kwa Magnus, Sverre si mzaliwa wa ndoa na hana taji, na si ajabu ni mwongo tu. Hakuna mpatanishi ambaye angewapatia nusu njia.

Mwisho wao ulifika tarehe 15 Juni 1184 huko Fimreite, ndani ya mkono wa Sognefjord. Sverre alikuwa na meli 14, Magnus alikuwa na 26. Magnus alizifunga meli zake pamoja kwa kamba, kama desturi ilivyokuwa, ili kupata jukwaa moja pana la kupigania. Sverre alikuwa na Mariasuden, meli kubwa iliyojengwa Nidaros ambayo wengi waliicheka kwa jinsi ilivyokuwa nzito. Meli hiyo ililala ubavu mbele ya safu ya adui na kubeba mzigo wa mashambulizi, huku meli nyingine za Sverre zikikusanyika zote juu ya meli moja ya pembeni. Watu wa meli hiyo walipomalizwa, wakahamia ya pili. Waliokuwa wakishindwa waliruka kwenye meli ya jirani, kisha ile inayofuata, hadi kila meli ikabeba watu kuliko uwezo wake. Zikaanza kuzama moja baada ya nyingine na watu wenye deraya ndani yake. Zaidi ya watu 2,000 walikufa, na Magnus alikuwa miongoni mwa waliozama. Mwili wake ulipatikana siku mbili baadaye.

Kuonyesha maiti kule Bergen kulizuia uvumi kuhusu Magnus, basi. Hakukuzuia kingine chochote. Mwaka uliofuata, 1185, mtawa mmoja alivua joho lake na kusema jina lake ni Jon, mwana wa Mfalme Inge, mmoja wa wale wana wa Harald Gille. Wafuasi wake waliitwa Kuvlunger, kwa sababu ya lile joho la kitawa. Waliiteka Bergen na Nidaros kwa nyakati mbalimbali, hadi Jon alipouawa Bergen mwishoni mwa 1188. Kisha likaja kundi la mtoto mdogo aliyesemekana ni mwana wa Magnus. Kisha, mwaka 1193, Sigurd, mwana mwingine wa Magnus, aliyeungwa mkono na Harald Maddadsson, jarl wa Orkney. Jeshi lake liliangamizwa Florvåg karibu na Bergen mwezi Aprili 1194, na Harald akaadhibiwa kwa kunyang'anywa Shetland.

Kila mara kambi ya Sverre ilijibu kwa namna ileile: huyu si mwana wa mfalme, jina lake la kweli ni fulani, baba yake ni mtu wa kawaida tu. Pengine walisema kweli mara zote. Lakini maneno hayohayo Erling Skakke aliyasema juu ya Sverre, mwana wa mtengeneza vitana.

Tukio linaloonyesha mkwamo huo vizuri kuliko yote, kwangu, ni la Eirik. Huyu alirudi kutoka safari za mbali akisema naye ni mwana wa Sigurd Munn, akaomba ruhusa ya kuthibitisha kwa kubeba chuma cha moto. Kiapo kilipotungwa, kiliunganisha mambo mawili: kwamba Eirik ni mwana wa Sigurd, na kwamba ni ndugu wa Sverre. Eirik alikataa. Alisema atabeba chuma kwa ajili ya ubaba wake peke yake, si kwa ajili ya ubaba wa mtu mwingine. Akabeba, mkono ukaonekana safi. Sverre akabaki na ndugu aliyethibitishwa kwa moto, ilhali yeye mwenyewe hakuwahi kukigusa chuma hicho.

Kwa mila aliyoitumia kuja madarakani, Eirik alistahili sehemu ya ufalme. Sverre alimnyima. Alimtambua kama ndugu, baadaye akampa cheo cha jarl, na Eirik akamtumikia kwa uaminifu hadi alipokufa mwaka 1190. Kisiasa ulikuwa uamuzi sahihi, na ni mmoja kati ya michache iliyozima dai bila kumwaga damu. Kisheria ulikuwa ni Sverre akitumia kanuni ya adui yake, kwamba mfalme ni mmoja, bila kuthubutu kuitangaza. Angewezaje kuitangaza? Sheria ya 1163 ilimtoa yeye mwenyewe kwenye orodha ya warithi.

Taji la Kanisa lingeweza kumpa msingi wa pili. Lakini Kanisa lilikuwa limeshagombana naye. Askofu Mkuu Eirik Ivarsson, aliyemrithi Øystein, alitembea na walinzi zaidi ya 90 wakati sheria ilimruhusu 30, na mfalme alimtaka awapunguze. Nyuma ya hesabu hiyo ya walinzi kulikuwa na swali la nani anateua maaskofu na nani ana neno juu ya makanisa waliyojenga watu kwa mali zao. Mwaka 1190 Eirik alikimbilia Lund, iliyokuwa ya Denmark wakati huo, akaanza kuandika barua Roma. Sverre alitawazwa Bergen tarehe 29 Juni 1194 na maaskofu waliobanwa wafanye hivyo, nao wakatengwa na Kanisa kwa kosa hilo. Kisha ikatokea barua yenye muhuri wa Papa ikisema Sverre ameondolewa adhabu ya kutengwa na Kanisa. Wajumbe walioifuata Roma walikuwa wamefia Denmark njiani wakirudi, na Papa Innocent III aliiita barua hiyo ya kughushi. Mwaka 1198 Innocent aliifungia nchi ibada.

Sverre alijibu kwa kalamu. Kutoka kwenye kambi yake ilitoka hotuba ndefu dhidi ya maaskofu, iliyonukuu sheria za Kanisa lenyewe kueleza kwamba adhabu isiyo ya haki haimfungi aliyepewa, na kwamba mfalme amepokea mamlaka yake kwa Mungu moja kwa moja. Ni kazi ya mtu aliyesoma, na nadhani ndiyo jibu bora alilowahi kutoa kwa yeyote. Lakini nayo ilitetea ufalme kwa jumla, si haki yake yeye ya kuwa mfalme huyo.

Wapinzani wa mwisho ndio waliokuwa wazito zaidi. Mwaka 1196 Askofu Nikolas Arnesson wa Oslo, ndugu wa mama mmoja na Mfalme Inge, aliunda kundi la Bagler, jina lililotokana na fimbo ya kiaskofu. Safari hii mdai, Inge Magnusson, aliyejiita mwana wa Magnus, alikuja akiwa na Kanisa upande wake, na eneo la Oslo na mashariki likawa lao kwa vipindi virefu. Bergen ilichomwa moto mwaka 1198. Sverre aliwapiga baharini mwaka 1199 karibu na Nidaros, lakini hakuwamaliza. Mwaka 1201 aliuzingira mlima wa Tønsberg kwa majuma 20, hadi Reidar Sendemann, kiongozi wa Bagler waliokuwa huko, na watu wake, waliokwishakonda kwa njaa, wakajisalimisha. Aliwasamehe wote. Wakati huo yeye mwenyewe alikuwa anaugua.

Alifariki Bergen tarehe 9 Machi 1202. Kabla ya kufa alisema mbele ya mashahidi kwamba hana mwana mwingine aliye hai isipokuwa Håkon, hata kama baadaye watatokea wengine wa kujiita hivyo. Aliacha pia agizo kwamba Håkon apatane na maaskofu, na agizo kwamba uso wake uachwe wazi akishakufa, maadui waone kama laana yao imeacha alama.

Håkon alipatana na maaskofu mwaka huohuo, kisha akafa Januari 1204. Baadaye akajitokeza mwanamke mmoja, Inga wa Varteig, na mtoto mchanga aliyesema ni wa Håkon. Mtoto huyo, Håkon Håkonsson, alichukuliwa kuwa mfalme mwaka 1217, na mwaka 1218 Inga alibeba chuma cha moto Bergen kuthibitisha ubaba wake, miaka mitatu baada ya mtaguso wa Roma kuwakataza mapadri kushiriki jaribio hilo. Hata hivyo Jarl Skule alimwasi, na vita havikukoma hadi Skule alipouawa mwaka 1240. Håkon naye hakuzaliwa ndani ya ndoa. Ilimbidi apate kibali cha Papa ndipo atawazwe mwaka 1247, na kardinali aliyemvika taji alikataza kiapo cha chuma nchini.

Mwaka 1260, akiwa hana mpinzani, mjukuu huyo wa Sverre alipitisha sheria mpya ya urithi: mfalme mmoja, mwana mkubwa wa ndoa halali kwanza, wana wa nje ya ndoa nyuma yake. Kwa maana ya msingi ilikuwa sheria ya Erling Skakke, ikirudishwa na ukoo ulioingia madarakani kwa kuipinga.